Seva imewaka lakini reidi haipo: mwongozo kamili wa kuirudisha bila kupoteza data

Umeme umekatika, umerudi, seva imewaka, na `/dev/md0`, yaani reidi (RAID, diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) iliyokuwa inabeba kazi zote, haionekani. Au skrini imesimama kwenye hali ya dharura ikidai nenosiri la root. Au mashine imewaka vizuri kabisa, ila reidi sasa inaitwa `md127` na programu ya mauzo inasema foleda yake ni tupu.

Mashine za namna hii zinaletwa mezani kwangu Ngamiani, Tanga, kila mara: za studio za picha za harusi, za shule, za zahanati, za maduka ya jumla. Nyingi zinafika zikiwa zimeshaguswa. Na mara nyingi kilichoua data ni amri iliyoandikwa kwa haraka na fundi aliyetaka kusaidia, umeme ulishafanya madhara madogo tu. Reidi iliyogoma kuamka baada ya kuwashwa upya huwa bado ina data yake yote ndani ya diski. Kazi yako ni kuisoma kwanza, kisha kuikusanya, na kuandika kitu juu yake mwisho kabisa.

Mwongozo huu ni wa reidi ya programu ya Linux, ile inayosimamiwa na `mdadm`, juu ya SSD za SATA (zinazotumia kebo) au NVMe (vijiti vinavyochomekwa kwenye ubao mama). Amri ni za Debian na Ubuntu. Panapotofautiana na Rocky au AlmaLinux nitasema.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa chochote

- Flashi ya GB 8 au zaidi yenye Linux inayowaka yenyewe bila kusakinishwa.
- Diski tupu, kubwa kuliko SSD moja ya reidi. Ukipata inayotosha kubeba nakala za SSD zote, bora zaidi. Hata diski ya kawaida ya kuzunguka inafaa kwa kazi hii.
- Kebo mbili mpya za SATA.
- Betri ya CR2032 ya ubao mama.
- Spiriti ya kusafishia, ile isopropili ya mafundi simu, pamoja na brashi laini.
- UPS yenye betri nzima. Kama ya mteja imechoka, azima nyingine. Usianze kazi hii umeme ukiwa unayumba.
- Programu `mdadm`, `smartmontools`, `gddrescue` na `nvme-cli`, ukiwa umeshazipakua kwenye flashi. Intaneti ya mteja huenda ilikuwa inapita kwenye seva hiyohiyo iliyolala.
- Simu ya kupigia picha kila skrini na kila lebo ya diski.

## Mambo manne ya kukataa

Usiandike `mdadm --create`. Hili ndilo kosa kubwa, na linavutia kwa sababu amri hiyo ndiyo iliyotengeneza reidi siku ya kwanza, kwa hiyo mtu anadhani itairudisha. Amri hii inaandika superbloku mpya, yaani kile kipande kidogo kinachosema diski hii ni ya reidi gani, ina nafasi ya ngapi, na data inaanzia sekta ya ngapi. Toleo la leo la `mdadm` linaweza kuanzisha data sehemu tofauti na toleo la zamani. Ukikosea mpangilio wa diski, au ukubwa wa kipande (chunk) ambacho data hugawanywa, reidi mpya inawaka na inaonekana nzima, huku ndani ni vurugu. Kisha inaanza kusawazisha, na hapo ndipo data halisi inafutwa.

Usiendeshe `fsck`, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, juu ya diski moja ya reidi. Hata juu ya reidi yenyewe, subiri mpaka uwe na uhakika imekusanywa sawasawa. `fsck` ikikuta data iliyopangwa vibaya, itairekebisha mpaka iwe takataka safi.

Usichomeke diski hizo kwenye kompyuta ya Windows. Windows haiitambui reidi ya Linux, hivyo itakuomba uianzishe diski au uiformati. Kubofya mara moja kunatosha kuleta msiba.

Zuia TRIM. Hili ni la SSD peke yake na wengi hawalifikirii. Kwenye diski ya kuzunguka, faili iliyofutwa hubaki mpaka iandikwe juu. Kwenye SSD, amri ya TRIM inaiambia diski kwamba maeneo fulani hayatumiki tena, nayo inayasafisha. Ukiwasha reidi vibaya na TRIM ikapita, hakuna programu ya uokoaji itakayokusaidia. Kwa hiyo, kabla ya yote:

```
systemctl stop fstrim.timer
```

Kagua pia `/etc/fstab`. Kama mstari wa reidi una neno `discard`, liondoe kwa sasa.

## Hatua ya 1: Ingia, na uandike hali ilivyo

Kama seva imekwama kwenye hali ya dharura, sababu ya kawaida ni kwamba mfumo ulisubiri reidi kwa sekunde 90, haikutokea, ukakata tamaa. Ingiza nenosiri la root. Ubuntu nyingi hazina nenosiri hilo. Hapo washa mashine kwa flashi ya Linux.

Sasa hifadhi taarifa zote kwenye flashi ya pili au sehemu nyingine yoyote ambayo haipo kwenye reidi. Hapa nachukulia flashi imefunguliwa kwenye `/mnt/usb`:

```
cat /proc/mdstat > /mnt/usb/mdstat.txt
lsblk -o NAME,SIZE,TYPE,FSTYPE,MODEL,SERIAL > /mnt/usb/lsblk.txt
mdadm --examine /dev/sd[a-z]* /dev/nvme*n1* > /mnt/usb/examine.txt 2>&1
dmesg > /mnt/usb/dmesg.txt
```

Kwa nini kuandika wakati unaweza kusoma kwenye skrini? Kwa sababu ukikosea hatua ya tano, faili ya `examine.txt` ndiyo itakayokuonyesha reidi ilivyokuwa kabla. Ikikosekana, fundi atakayekuja baada yako atakuwa anabahatisha.

Zingatia namba za kiwanda kwenye safu ya `SERIAL`. Majina kama `sdb` na `sdc` hubadilika kila mashine inapowaka. Namba ya kiwanda haibadiliki. Mwite kila SSD kwa namba yake tangu sasa.

Umefanikiwa ukiwa na: faili nne zisizo tupu, na picha ya lebo ya kila diski.

## Hatua ya 2: Hesabu diski

Swali la kwanza kabisa: je, SSD zote zimo kwenye orodha ya `lsblk`? Kama reidi ni ya diski nne na unaona tatu, acha programu kando, shughulikia vyuma.

Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha kagua kwa mpangilio huu.

*Miguu ya kebo.* Ofisi za Raskazone na zile zilizo karibu na bandari zinapata upepo wa chumvi, na kusi likivuma madirisha wazi, chumvi hiyo inatua kwenye viunganishi pamoja na unyevu. Kiunganishi kinaweza kufanya kazi mwaka mzima kikiwa na moto, kisha mashine ikizimwa na kupoa kinakataa. Pangusa kwa spiriti, acha kikauke, rudisha. Badilisha na kebo. Kwenye NVMe, fungua skrubu, toa kijiti, pangusa meno yake ya dhahabu, kirudishe mpaka kikae.

*Betri ya ubao mama.* Saa ya BIOS ikionyesha mwaka wa zamani, betri imekufa, na mipangilio yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Tazama hali ya SATA: kama ilikuwa AHCI na sasa imehamia kwenye hali ya RAID, au kwenye mashine za Intel hali ya VMD imewaka, diski zinaweza kufichika kabisa. Weka betri mpya, rudisha mipangilio, rekebisha saa. Saa mbovu pia huifanya `fsck` ilalamike kwamba mfumo wa faili ulifunguliwa mara ya mwisho wakati ambao haujafika.

*Nafasi ya M.2 inayogawana njia.* Bao mama nyingi huzima mlango mmoja au miwili ya SATA ukichomeka kijiti cha M.2. Kama kuna mtu aliongeza NVMe hivi karibuni, hitilafu ingejitokeza mashine ilipowashwa tena. Soma kitabu cha ubao mama, au hamisha kebo kwenye mlango mwingine.

*SSD iliyozimika ghafla.* SSD ina jedwali la ndani linaloonyesha data iko wapi. Umeme ukikatika jedwali likiwa linaandikwa, diski inaweza kuwaka bila kujitambulisha mpaka imalize kujijenga upya. Crucial, kwa mfano, wamekuwa wakielekeza SSD ya SATA iunganishwe umeme tu bila kebo ya data, iachwe kama dakika 20, izimwe sekunde 30, kisha irudiwe mara nyingine. Nimeona wengi wakitupa SSD nzima kwa kukosa subira hii.

Diski zote zikionekana, ziulize afya yake:

```
smartctl -a /dev/sdb
smartctl -a /dev/nvme0n1
```

Kwenye SATA, `UDMA_CRC_Error_Count` inayopanda inashtaki kebo au kiunganishi. Kwenye NVMe tazama `Critical Warning` ambayo inapaswa kuwa 0x00, `Available Spare`, `Percentage Used`, na `Media and Data Integrity Errors`. `Unsafe Shutdowns` itakuambia ukweli ambao mteja huenda hakuutaja: ni mara ngapi diski imenyimwa umeme ghafla.

Onyo: SSD yenye makosa ya kusoma usiiingize kwenye reidi. Inakili kwanza yote kwenda kwenye diski tupu. Hapa `sdb` ni ile mgonjwa na `sdx` ni ile tupu, na ukizigeuza umefuta data ya mteja, kwa hiyo linganisha namba za kiwanda kabla ya kubonyeza Enter:

```
ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdx /mnt/usb/sdb.map
```

Kisha iondoe diski mgonjwa kwenye mashine na utumie nakala mahali pake. Zote mbili zikibaki ndani, `mdadm` itaona diski mbili zenye utambulisho mmoja.

## Hatua ya 3: Soma /proc/mdstat

```
cat /proc/mdstat
```

Majibu yanaangukia kwenye makundi manne.

Ukiona `md127 : active raid1` na mwishoni `[UU]`, reidi ni nzima na jina tu limebadilika. Nenda hatua ya 4.

Ukiona `inactive`, na baada ya jina la kila diski kuna `(S)`, mfumo umeziona diski lakini umekataa kuziwasha. Nenda hatua ya 5.

Ukiona `active` lakini `[U_]` au `[UUU_]`, reidi inafanya kazi ikiwa pungufu. Nenda hatua ya 6.

Ukiona mstari wa `Personalities` na `unused devices` bila kitu kingine, na `--examine` inasema haioni superbloku, nenda hatua ya 7.

Neno moja linalotisha watu bure: `active (auto-read-only)`, wakati mwingine na `resync=PENDING`. Hiyo ni kawaida. Reidi inasubiri uandishi wa kwanza ndipo iendelee.

## Hatua ya 4: Jina limegeuka md127

Hii ndiyo hitilafu inayotokea zaidi, na haina hatari yoyote. Mashine inapowaka, kuna mfumo mdogo unaotangulia, initramfs, unaokusanya reidi kabla ya mfumo mkubwa. Ndani yake kuna nakala ya `mdadm.conf`. Kama nakala hiyo haina mstari wa reidi yako, au jina la seva limebadilishwa tangu reidi itengenezwe, mfumo unaiona kama mgeni na kuipa namba kuanzia 127 kwenda chini.

Watu wengi wanahariri `/etc/mdadm/mdadm.conf`, wanawasha upya, na jina linabaki 127. Wamesahau kwamba initramfs bado inabeba nakala ya zamani. Fanya yote mawili:

```
mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf
nano /etc/mdadm/mdadm.conf
```

Kwenye faili, futa mistari ya zamani ya `ARRAY` yenye UUID (namba ya utambulisho wa kipekee) ileile, na kwenye mstari mpya badilisha `/dev/md127` au `/dev/md/…` iwe `/dev/md0`. Kisha:

```
update-initramfs -u -k all
```

Kwenye Rocky na AlmaLinux faili ni `/etc/mdadm.conf`, na amri ya pili ni `dracut -f`.

Baada ya hapo acha kabisa kutegemea jina. Chukua UUID ya mfumo wa faili kwa `blkid /dev/md127`, na kwenye `/etc/fstab` andika hivi:

```
UUID=weka-uuid-hapa  /data  ext4  defaults,nofail  0  2
```

`nofail` ina maana seva itawaka hata reidi ikikosekana, na wewe utaweza kuingia kwa mbali badala ya kupanda bodaboda usiku. Tahadhari moja: programu ya mteja isije ikaanza kuandika kwenye foleda tupu ya `/data`. Kama ni hifadhidata, iwekee sharti la kutowaka mpaka reidi iwe imefunguliwa. Kwenye systemd sharti hilo ni mstari `RequiresMountsFor=/data`.

Umefanikiwa ukiona: baada ya kuwasha upya, `md0 : active`, `[UU]`, na `df -h /data` inaonyesha ukubwa wa reidi.

## Hatua ya 5: Reidi imelala, diski zote zina (S)

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tazama tena `examine.txt`, na kwa kila diski andika kwenye karatasi mambo manne: `Device Role`, `Events`, `Update Time`, na `Array State`.

`Events` ni namba inayoongezeka kila hali ya reidi inapobadilika. Diski zilizokuwa pamoja mpaka dakika ya mwisho zina namba moja. Iliyoachwa nyuma ina namba ndogo. Tuseme una reidi 5 ya SSD nne, na umekuta hivi: 48211, 48211, 48209, na 31760.

Hizo tatu za kwanza ni za dakika moja. Tofauti ya mbili imetokana na umeme kukatika katikati ya uandishi. Ya nne ilitoka kwenye reidi zamani na hakuna aliyegundua. Ukiiingiza sasa, unachanganya data ya leo na ya miezi iliyopita. Iache nje. Reidi 5 ya diski nne inaishi kwa tatu.

Kwanza vunja mkusanyiko uliolala, kwa sababu umezishika diski:

```
mdadm --stop /dev/md127
```

Usipofanya hivyo utaambiwa `is busy - skipping`, na utadhani diski zimeharibika. Kisha kusanya kwa kusoma tu:

```
mdadm --assemble --readonly --run --verbose /dev/md0 /dev/sdb1 /dev/sdc1 /dev/sdd1
```

Neno `--readonly` linazuia uandishi na usawazishaji wote ndani ya reidi. Neno `--run` linaruhusu reidi iwake ikiwa pungufu. Kama `mdadm` itakataa kwa sababu ya ile tofauti ya 48209, hapo tu ndipo unaongeza `--force`, baada ya kusimamisha tena. Fahamu kwamba `--force` inarekebisha namba ya `Events` kwenye superbloku ya diski iliyobaki nyuma. Ni mabadiliko madogo lakini ni uandishi. Kama data haina nakala nyingine popote, nakili SSD zote kwa `ddrescue` kabla ya neno hilo.

Kuna hali ambayo `Events` peke yake haitoshi: reidi 1 (SSD mbili zenye nakala ileile) ambayo kila upande umewahi kuwaka peke yake. Juzi mashine iliwaka na SSD ya kushoto, jana kebo ikacheza ikawaka na ya kulia. Kila moja imeandikwa mambo yake, na namba zinaweza kukaribiana kwa bahati tu. `Array State` ndiyo inayofichua: kila diski inasema mwenzake hayupo. Hapa usikusanye pamoja. Washa moja kwa kusoma tu, tazama faili za mwisho, ifunge. Fanya hivyo kwa ya pili. Mwite mteja akae pembeni yako na umuulize: "Risiti ya mwisho unayoikumbuka ni ipi, mama?" Yeye ndiye anayejua upande upi una kazi ya jana. Mara nyingine kila upande una kitu, na utahitaji kunakili kutoka kote kuwili.

Reidi ikishawaka kwa kusoma tu, fungua na utazame:

```
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt
```

`noload` ni ya mfumo wa faili wa ext4. Kwa XFS andika `ro,norecovery`. Fungua faili kubwa, video nzima, siyo kuhesabu majina tu. Orodha ya majina inaweza kuwa sahihi wakati yaliyomo yamevurugika. Video ikicheza kutoka mwanzo hadi mwisho, mpangilio ni sahihi.

Sasa toa nakala ya kila kitu muhimu kwenda nje. Ukimaliza tu ndipo:

```
umount /mnt
fsck -n /dev/md0
mdadm --readwrite /dev/md0
```

`fsck -n` inaripoti bila kurekebisha, na kwa kuwa bado jarida (kumbukumbu ya uandishi wa mwisho ya mfumo wa faili) halijasomwa, makosa machache ni ya kawaida. XFS ina `xfs_repair -n`. Ikitoa makosa maelfu kwa maelfu, rudi kwenye karatasi yako. Huenda umeingiza diski isiyostahili.

## Hatua ya 6: Kurudisha diski iliyotoka

Reidi ni `[U_]` na SSD iliyotoka ni nzima, kosa lilikuwa kebo. Jaribu kwanza:

```
mdadm /dev/md0 --re-add /dev/sdc1
```

Kama reidi ina bitimapu, yaani kumbukumbu ya maeneo yaliyobadilika wakati diski haipo, kazi itaisha kwa dakika chache. Kama haina, itakataa, na utatumia `--add`, ambayo inajaza diski nzima upya.

Keneli ya Linux kwa kawaida huweka kikomo cha kilobaiti 200,000 kwa sekunde, hivyo SSD ya TB 1 itachukua kama dakika 83. Ile ya bei nafuu huanza kwa kasi, kisha akiba yake ya haraka ikijaa inashuka sana. Usishtuke, usizime. Fuatilia kwa `watch cat /proc/mdstat`, na joto la NVMe kwa `smartctl`. Kwa joto la Tanga la Februari, chumba kisicho na feni, kijiti cha NVMe kinafika haraka kwenye kiwango cha kujipunguzia kasi. Elekeza feni.

Ikimaliza, weka bitimapu kama haikuwepo:

```
mdadm --grow --bitmap=internal /dev/md0
```

## Hatua ya 7: Superbloku imetoweka

Mteja anaapa hakugusa kitu, na pengine anasema kweli. Kisa kinachojirudia ni hiki: reidi ilitengenezwa juu ya diski nzima, `/dev/sdb`, bila patisheni. Superbloku ya toleo 1.2 inakaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo wa diski. Kama SSD hiyo zamani ilikuwa na jedwali la GPT (orodha ya patisheni), nakala yake ya akiba bado iko mwishoni mwa diski. Baadhi ya bao mama, mashine ikiwaka, huona nakala ile bila ya mwanzo, na "hutengeneza" ya mwanzo, juu ya superbloku yako. Dalili ni `--examine` kujibu `MBR Magic : aa55` na `type ee`.

Data yenyewe huanza mbali zaidi, kwa hiyo ipo. Kwa reidi 1, hauhitaji hata kuijenga upya. Diski ya pili ikiwa bado na superbloku, soma `Data Offset` yake. Tuseme ni sekta 264192:

```
losetup -r -f --show -o $((264192*512)) /dev/sdb
mount -o ro,noload /dev/loop0 /mnt
```

Amri ya kwanza itakuandikia jina la `loop`, tumia hilo. Nakili data, halafu tengeneza reidi upya kwa utulivu.

Kwa reidi 5 au 10 zilizopoteza superbloku zote, njia iliyobaki ni `--create` pamoja na `--assume-clean`, kwa mpangilio, ukubwa wa kipande na `Data Offset` vilevile vya awali. Fanya juu ya nakala za `ddrescue` peke yake, diski halisi zikiwa kabatini. Kama hauna diski za kutosha kwa nakala, mwambie mteja wazi kwamba kazi inasubiri diski.

Ukijenga upya, anza na kufuta alama zote za zamani kwa `wipefs -a`, tengeneza patisheni, na uweke reidi juu ya patisheni hizo, ukiacha megabaiti mia moja hivi mwishoni bila kutumika. SSD utakayonunua baadaye huenda ikawa ndogo kidogo kuliko hii ingawa lebo zinasema ukubwa mmoja.

## Hatua ya 8: Ifanye istahimili kukatika kwingine

Reidi 1 huandika kitu kilekile kwenye SSD zote mbili, kwa hiyo zinachakaa sambamba. Ukinunua pacha kutoka boksi moja, una hatari ya kuzikosa wiki moja. Novemba 2019 HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zilikuwa na hitilafu kwenye programu ya ndani iliyozifanya zife zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Zilizowekwa siku moja zingekufa siku moja, na reidi isingesaidia kitu. Ndiyo maana nashauri kila mara kampuni mbili tofauti kwenye reidi moja, na programu ya ndani ya diski isasishwe.

Kwa seva inayobeba hifadhidata, tafuta SSD yenye kapasita za kinga ya kukatika umeme. Ni ghali zaidi na zinastahili bei. Kama haziwezekani, UPS iunganishwe kwa kebo ya USB na programu ya `nut` ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. UPS isiyozungumza na seva huahirisha tu kukatika.

Kama reidi ni ya kuwakia mashine, weka GRUB, programu inayoanzisha mfumo, kwenye diski zote mbili. Kwa mashine za BIOS ni `grub-install /dev/sda` kisha `/dev/sdb`. Kwa UEFI, nakili patisheni ya EFI kwenye diski ya pili na uisajili kwa `efibootmgr`.

Rudisha TRIM sasa kwa `systemctl start fstrim.timer`. Reidi 0, 1 na 10 huipitisha. Reidi 5 na 6 kwa kawaida haziipitishi, na sikushauri kulazimisha.

Weka barua pepe kwenye mstari wa `MAILADDR` wa `mdadm.conf`, halafu ujaribu:

```
mdadm --monitor --scan --oneshot --test
```

Barua isipofika, seva haina njia ya kutuma barua, na diski ikitoka hakuna atakayejua.

Mwisho, washa upya kwa makusudi mbele ya mteja, mara moja kwa amri ya `reboot` na mara moja kwa kuzima kabisa, kuchomoa waya na kusubiri dakika kadhaa. Ukikuta `md0`, `[UU]`, na programu yake inafungua risiti ya mwisho, bandika kwenye kila SSD kipande cha karatasi chenye namba ya kiwanda na nafasi yake kwenye reidi, acha nakala ya `examine` mpya kwa mteja, na ufunge kasha.